Mgongoni mwa Picha

Picha za matembezi ya likizo katika mwambao wa Afrika Mashariki zilianza kupita mkono kwa mkono zikiwa kadi za posta. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja, mojawapo ikiwa ya A. C. Gomes, ziliuza kadi zenye picha za jumba la Beit al-Ajaib na majahazi bandarini. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, na kadi zikasafiri kwa meli hadi Ulaya. Wenyeji walionekana ndani yake, mara nyingi bila majina.

Studio za mitaani ndizo zilizowapa wenyeji picha zao wenyewe. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, duka ambalo baadaye lilishikwa na mwanawe Rohit, na kuta zake zikajaa picha za rangi nyeusi na nyeupe: maharusi, watawala, vichochoro vya Mji Mkongwe. Kila mji wa pwani ulikuwa na mpiga picha wa namna hiyo, aliyejua nani kamwoa nani na mtoto yupi kakua. Mteja alimwachia mkanda wake, akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Nyuma ya pazia zito kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na sinia za dawa. Karatasi ilichovywa katika dawa ya kwanza hadi sura zikajitokeza, ikahamishiwa katika dawa ya pili yenye harufu kali ya siki, kisha ya tatu ya kuzuia picha isififie, ikaoshwa na kuanikwa. Harufu hiyo ya siki ilimfikia mteja akiwa bado mlangoni, na waliokua enzi hizo huitambua hadi leo.

Mkanda wa picha 36 ulitumiwa kwa hesabu. Familia iliyotoka Tanga kwenda Pangani wakati wa Idd ilichagua pa kusimama: mbele ya Boma lenye milango ya nakshi, ndani ya kivuko cha kwenda Bweni, au ukingoni, pale maji ya mto yaliyoanza safari Kilimanjaro na Meru yanapoingia baharini. Minazi ya ng'ambo ilionekana mabegani mwa watu. Mpigaji alingoja kila mtu atulie, kwa kuwa hapakuwa na fursa ya kujaribu mara kumi.

Picha zilizosafishwa ziliingia katika albamu, na albamu ilitolewa mgeni alipofika. Mtu aliyeketi karibu naye alimfungulia kurasa, akamwonyesha kwa kidole: huyu ni shangazi, hapa tulisubiri kivuko tangu asubuhi, Boma hilo lilikuwa ofisi. Mgongoni mwa picha paliandikwa kwa kalamu mahali, sikukuu na majina. Tarehe hazikuaminika siku zote. Idd husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kawaida, hivyo mwenye kalenda anaweza kuhakiki mwaka ulioandikwa. Kwa familia ilitosha kujua kwamba picha ilipigwa bibi akiwa hai.

Kisha mambo yakaenda mbio. Zikaja picha za rangi za kusafishwa kwa mashine, zikaja simu zenye kamera, na mwaka 2009 ikaja WhatsApp. Januari 2012 Kodak, kampuni iliyotengeneza mikanda ya picha, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Leo safari moja ya Pangani huzaa mamia ya picha, zikatumwa zote usiku uleule kwa watu wasiozitazama mara ya pili. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na kufuta taarifa zake za ndani za tarehe na mahali. Mpokeaji wa tatu hapati jina, mwaka wala hadithi. Huo ni upotevu mkubwa, na unatokea kwa uzembe mtupu.

Hasara yake ilionekana tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, limepigwa picha kuliko karibu jengo lolote la mwambao, lakini picha isiyo na mwaka humsaidia kidogo anayetaka kujua ukuta ulianza kupasuka lini. Picha za zamani zinajieleza kidogo: mnara wa saa ukisimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya Agosti 1896, ukishikamana na jumba, ni ya baadaye. Picha za simu hazina alama kubwa kama hiyo.

Pangani nako daraja la kuvuka hadi Bweni limeanza kujengwa, na sura ya mto inabadilika. Wazee wanaojua walio katika picha za kivuko bado wapo katika nyumba nyingi. Kinachotakiwa ni kuketi nao, kuwauliza picha moja baada ya nyingine, na kuandika majibu yao: mahali, mwaka, majina. Picha ya simu nayo ipewe maelezo hayohayo kabla ya kutumwa.