Usimwahidi Mtoto Siri

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba nieleze maisha yangu ya ualimu, Unguja na huku Uingereza. Nilidhani nitaandika juu ya chaki, madaftari na watoto waliofaulu. Lakini kila nilipoketi na kalamu walinijia watoto wawili, na habari zao hazihusiani na mitihani. Wa kwanza sikumsikiliza. Wa pili nilimsikiliza, na baadhi yenu mlinikasirikia. Kwa kuwa kitabu hiki kinapita mikononi mwa wazee, mashangazi, wajomba na vijana wa nyumba zetu zote, naona hapa ndipo pa kulisema jambo hili. Majina siyataji, mji siutaji, na namwomba kila msomaji asijitaabishe kubahatisha.

Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na kabla sijaijua skuli nilikijua chuo. Siku marehemu baba aliponipeleka kwa maalim wetu alimwambia, "Nyama yako, mifupa yangu." Maalim alicheka, mimi nikatetemeka. Kila mzee wa wakati ule aliielewa maana yake: mfunze, mpige, mradi unirejeshee akiwa na elimu. Maalim wetu alikuwa mtu wa haki, na mpaka leo namwombea dua. Lakini fikirini, ndugu zangu. Kwa maneno yale mtoto alikuwa amekwisha kukabidhiwa, na njia ya kurudi nyumbani kushitaki ilikuwa imefungwa. Mimi nilinusurika kwa kuwa aliyenipokea alikuwa mwema. Angekuwa si mwema, nani angejua?

Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ualimu, na kutoka 1979 mpaka 1988 nikasomesha skuli ya msingi huko huko kwetu. Katika darasa langu la tatu alikuwapo mtoto mmoja mwanamume ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kuondoka. Alifagia darasa bila ya kuambiwa, akafuta ubao, akapanga madawati, akatafuta la kufanya mpaka kukawa hakuna tena. Nilimsifu mbele ya wenzake kuwa ndiye mtoto mwenye adabu. Asubuhi alichelewa, na kwa kuchelewa nilimchapa bakora, naye hakulia. Jioni moja aliniuliza kama inawezekana alale skuli. Nilicheka, nikamwambia, "Nenda kwenu, mama yako anakungoja."

Ilipita miaka mingi. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa msiba, na mtu mmoja aliyekuwa karibu na familia ile akanieleza kwamba ndani ya nyumba yao alikuwamo mkubwa aliyekuwa akimdhuru mtoto yule. Usiku ule sikulala. Yule mtoto alikuwa akinambia kila siku kwa ufagio wake, na mimi mwalimu wake sikuisoma lugha ile. Mkononi nilikuwa na methali moja tu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilijua kumliza mtoto. Sikujua kumwuliza kwa nini halii.

Nilifika Uingereza 1989. Bakora zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku katika skuli za serikali tangu 1987, na mwaka ule ule niliofika Bunge lao lilipitisha Sheria ya Watoto ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mambo haya. Nilifanya kazi nyingi za kutafuta riziki kabla ya kuajiriwa, 1997, kuwa msaidizi wa darasa katika skuli moja ya msingi yenye watoto wengi wa kwetu na wa Kisomali. Jambo la kwanza lililoniudhi ni kwamba kabla ya kunikabidhi hata kalamu, polisi waliulizwa habari zangu. Nilihisi kama mwizi. Baadaye nilifahamu. Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham, watoto wawili wa kike wa miaka kumi waliuawa na mtu aliyekuwa mtunzaji wa skuli ya sekondari ya hapo. Uchunguzi uliotolewa 2004 ulionyesha kwamba mtu yule alikuwa amewahi kutuhumiwa mara kadhaa mahali pengine, lakini habari zile hazikumfuata alipoomba kazi. Cheti kile tunachokilalamikia, ambacho tangu 2012 kinaitwa DBS, hakisemi kuwa mimi ni mbaya. Kinamzuia mbaya asihame mji akaanza upya.

Jambo la pili lililonitikisa ni habari ya Victoria Climbié. Mtoto huyu alizaliwa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ampeleke Ulaya akasome, wakiamini wamempa bahati. Alifika London 1999, na tarehe 25 Februari 2000 alikufa, umri wake miaka minane, mwilini mna majeraha 128, kwa mikono ya shangazi yule na mwanamume aliyeishi naye. Ripoti ya Lord Laming ya 2003 ilieleza jinsi hospitali, polisi na maofisa wa ustawi wa jamii walivyomwona, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakashindwa kumwokoa. Huko London hakuandikishwa skuli hata siku moja. Wenzangu walipoizungumza ripoti ile katika chumba cha walimu, mimi nilinyamaza kuliko wote. Wao waliona jambo la kigeni. Mimi niliona desturi yetu. Nani kati yetu hakulelewa na jamaa, au hakulea mtoto wa jamaa? Ni desturi njema, lakini haina macho yake yenyewe. Lazima watu waitazamie.

Katika skuli tulifundishwa kanuni, na nitazieleza kwa sababu ni za kila mtu. Mtoto akianza kukueleza, acha ulilokuwa ukilifanya, umsikilize. Usishituke mbele yake, maana akiona umeogopa atarudi nyuma. Usimtilie maneno mdomoni, usiulize, "Ni fulani?" bali umwambie, "Nieleze." Usimwahidi siri. Andika maneno yake mwenyewe siku ile ile, kwa tarehe na saa, umpe mwalimu mwenye dhamana ya usalama wa watoto, ambaye kila skuli inaye. Usifanye upelelezi wako, na usimwendee anayetuhumiwa.

Ilikuwa 2004, siku ya Jumanne, baada ya michezo. Mtoto wa miaka tisa, wa nyumba ambayo nilikuwa nikila pilau yao kila Sikukuu, alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba za viatu. Siku zote alikuwa akinisemesha kwa Kiingereza. Siku ile alinisemesha Kiswahili. "Maalim, nikikwambia kitu, utaapa humwambii mtu?"

Ulimi wangu ulitaka kusema ndiyo. Ndivyo tulivyozoea, kumtuliza mtoto kwa neno lolote. Nikamwambia, "Sitaapa, mwanangu. Nikiona unaumizwa, lazima nimwambie mtu anayeweza kuzuia. Lakini asiyehusika hatalijua." Alinyamaza kwa muda mrefu, akifunga na kufungua kamba ile ile, nami nikadhani nimempoteza. Kisha akasema.

Aliyoyasema hayana haja ya kuandikwa. Yalimhusu jamaa wa ukoo aliyekuwa amefikia kwao na kulazwa chumba kimoja na watoto. Niliyaandika kwa Kiswahili kama yalivyotoka kinywani mwake, na chini nikaweka tafsiri. Kutoka darasani mpaka ofisini ni hatua chache, lakini njiani nilisimama. Nilimfikiria baba yake, mtu tuliyeheshimiana. Nilijiambia, mpigie simu kwanza, haya ni mambo ya nyumbani. Ndipo nikamkumbuka yule wa ufagio. Isitoshe, simu ile ingempa mkosaji usiku mzima wa kumtisha mtoto au kukimbia. Nikaingia, nikaikabidhi karatasi.

Usiku ule simu yangu haikupumzika. Mzee mmoja aliniambia nimewauza. Mwengine alisema, "Sosho watabeba watoto wote, na dhambi ni juu yako." Sikukuu iliyofuata walikuwapo walionipa mkono bila ya kunitazama. Mama wa mtoto hakunisemesha kwa miaka miwili. Sikumlaumu, kwani aliyeumia zaidi baada ya mwanawe ni yeye. Mwezi wa Ramadhani mmoja alimtuma binti yake na sahani ya visheti mlangoni kwangu, haina ujumbe. Niliirudisha na tende, na tukaamkiana kama zamani.

Na watoto je, walichukuliwa? La. Jamaa yule alitolewa nyumbani siku ile ile na polisi wakaishughulikia kesi yake. Watoto walilala vitandani mwao. Sisemi kwamba mambo huwa mepesi hivyo kila mara, wala kwamba maofisa wa ustawi wa jamii hawakosei. Wanakosea, na nimewaona. Lakini tusitishane kwa lisilokuwa kweli. Ofisa hana ruhusa ya kuja tu akamchukua mtoto kwa nguvu. Panatakiwa amri ya mahakama, au polisi wakati wa hatari kubwa, na polisi nao hawawezi kumweka zaidi ya saa 72.

Sasa nije kwenye neno ambalo nimeambiwa mara nyingi: stara. Dini imetufunza kusitiriana, nami nilifunzwa hivyo chuoni kabla sijaota meno ya pili. Lakini tumelitumia neno hili vibaya. Stara ni kutomtangaza mtu kwa aibu iliyokwisha pita, ambayo haimdhuru mwengine. Dhuluma inayoendelea haina stara. Anayeificha amechagua upande. Na mtoto naye ana stara yake. Mimi sikuyapeleka maneno yake msikitini wala arusini. Niliyapeleka kwa mtu mmoja, kwa karatasi moja, na karatasi ile ikafungiwa kabatini. Waliotangaza ni waliopigiana simu usiku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tunaendelea kuwafunza watoto wamwogope mtu baki wa njiani tu.

Baada ya mambo yale sisi wachache tulikaa kuitengeneza madrasa yetu ya Jumamosi, nayo haikuwa kazi rahisi. Tuliondoa bakora. Tukataka kila anayesomesha awe na cheti, hata kama ni shekhe aliyetulea sote. Tukaweka walimu wawili katika kila chumba, na mlango wenye kioo. Mtoto hasomeshwi peke yake nyuma ya pazia. Tukachagua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wa kupokea habari za watoto, na majina yao yakabandikwa ukutani. Walikuwapo waliosema tunaiga Wazungu. Lakini Septemba 2021 tume ya uchunguzi ya serikali ilipotoa ripoti yake juu ya jumuiya za dini, za imani nyingi mbalimbali, ilieleza kwamba katika jumuiya nyingi aibu, kulinda heshima na kuwaamini mno viongozi ndivyo vilivyowaziba watoto midomo. Niliposoma niliona hatukukosea.

Kwa wazee wenzangu nina maombi matatu. La kwanza, mgeni akija kukaa, hata akiwa ndugu, asilazwe chumba kimoja na watoto, sebule inatosha. La pili, mkipokea mtoto wa jamaa kutoka nyumbani, fahamuni sheria. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa asiyekuwa mzazi wake wala jamaa wa karibu, kaunsili lazima iarifiwe. Jamaa wa karibu ni babu, bibi, kaka, dada, ami, mjomba, shangazi, khaloo na mzazi wa kambo. Binamu wa baba hamo. Mwandikisheni skuli upesi, maana skuli ni macho ya ziada. La tatu, mtoto akikataa kumpa mkono au kumbusu mkubwa, msimlazimishe. Muulizeni baadaye, kwa upole, mkiwa wawili tu. Na wajukuu wajue namba ya Childline, 0800 1111, ambayo haina malipo na tangu 1986 inasikiliza watoto.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilikuwa madrasa nikisaidia kuandikisha watoto wapya. Akaingia kijana mrefu, amemshika mkono binti yake wa miaka mitano. Alikuwa ni yule wa kamba za viatu. Haya yote nimeyaandika kwa idhini yake, naye ameyasoma kabla yenu. Aliniamkia, akajaza fomu, akalipa ada. Kisha, kabla ya kuuachia mkono wa mwanawe, akatazama ukutani, akaniuliza, "Maalim, haya majina ni ya mwaka huu?"

Nikamwambia ni ya mwaka huu. Akayasoma mawili yote, akamwonyesha binti yake kwa kidole, moja baada ya jingine, ndipo akamwacha aingie darasani.