Kuambiwa "Rudia" si Aibu

Nikubali tu, nilikasirika. Dadangu anasomea kuongoza ndege, na mtihani wa kuandika aliupita vizuri sana. Halafu kwa simuleta akaambiwa, "Bado. Rudia." Mimi nikaanza kelele: si alama anazo? Wanataka nini tena?

Akaniketisha jikoni. "Wewe ni rubani. Nikikupa maagizo, unayarudia." Akanipa futi elfu nne. Nikarudia elfu tano, makusudi. Akanishika hapo hapo. Tukaendelea, maagizo matatu kwa mpigo, sufuria inachemka, simu inalia. Mara ya nne kosa langu likampita.

Akanyamaza. "Unaona? Sheria naijua. Kusikia kosa nikiwa na ndege sita kichwani, hapo ndipo sijafika."

Basi hayo ndiyo mafunzo ya umilisi, ambayo hata ICAO, shirika la UN la usafiri wa anga, limeyaandikia mwongozo. Swali si umesoma masaa mangapi. Swali ni, unaweza kuifanya kazi, tena na tena, mambo yakichacha?

Mwaka wa 1977 kisiwani Tenerife, Uhispania, ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia. Kulikuwa na ukungu, na maneno ya redio yalieleweka vibaya. Watu 583 walikufa.

Sisi tumelelewa kuogopa "rudia". Lakini siku nitapanda ndege, nataka aliye kwa mnara awe mtu aliyewahi kuambiwa "bado", akarudi akajaribu tena.

Wewe je?