Jumapili ya Nani?

Jumapili ya pili ya likizo, baada ya Misa ya kwanza, mjomba alitupeleka mimi na mama kwenye mgahawa mmoja wa Masaki, Dar es Salaam. Wiki nzima binamu zangu walikuwa wakinionyesha picha zake kwenye simu. Watu huanza kumiminika pale saa nne asubuhi, wakaunganisha chai na chakula cha mchana kwa bei moja, mpaka washibe.

Tulisubiri meza karibu saa nzima. Mwanafunzi wa falsafa nilikaa na hukumu yangu mkononi. Nilimkumbuka Aristotle na fundisho lake juu ya fadhila ya kiasi, nikatazama sahani zilizofurika mayai, soseji, kamba na keki, nikasema moyoni kwamba fadhila hiyo haijafika Masaki. Kisha nikaenda kupakua mara tatu.

Mhudumu aliyekuja kuondoa sahani aliinama, akaninong'oneza: "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri."

"Milele amina," nikaitika. Kumbe ni dada wa jumuiya yetu! Nikamwuliza, kama tulivyozoea kuulizana, mbona sikumwona kanisani.

"Jumapili ndiyo siku yetu ya kazi nyingi, Frateri. Naingia alfajiri, natoka usiku. Nasali Misa ya Jumamosi jioni, nikipewa ruhusa."

Keki ilinikwama kooni. Nilikuwa nimezihukumu sahani, wala sikumwona anayezibeba.

Usiku nilifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187. Inaitaja hata migahawa: inakubali kwamba wapo watakaolazimika kufanya kazi Jumapili, lakini inamtaka kila Mkristo asiwatwishe wenzake mizigo isiyo ya lazima inayowazuia kuiadhimisha siku ya Bwana.

Sisemi mjomba alikosea. Mezani pale mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba, na furaha hiyo nayo ni ya Jumapili. Ila sasa najua kwamba pumziko langu lina mtu anayelilipia, na deni hilo haliishi kwa mjomba kulipa bili.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Misa ya jioni. Nilimkuta benchi la nyuma, bado amevaa sare ya kazi. Nikaketi kando yake.