Ndani ya Dunia Bila Kuchimba

Hata nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikukubali kuacha kushika chaki, na vipindi nilivyojiwekea vilikuwa vya jiografia. Nilichora duara ubaoni, nikaandika majina ya matabaka: ganda, mantili, kiini cha nje, kiini cha ndani. Wanachuo walinakili kimya. Kiini huanza kilomita 2,890 chini, wakaandika. Ningeandika 5,000 wangeandika vilevile. Mimi nilikuwa nikisubiri swali moja, na miaka mingine halikuja: ni nani aliyekwenda huko akapima?

Hakuna aliyekwenda. Shimo refu la Kola, kule Urusi, lilipita kidogo kilomita 12 mwaka 1989, kisha joto likawashinda wachimbaji. Kutoka tulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Ni sawa na kuchoma embe kwa sindano na kuishia kwenye ganda.

Walimu wengi hukimbilia mfano wa yai, na Kiswahili kimewasaidia kwa neno hilo la kiini. Mfano huo siupendi hata kidogo. Yai lina ute, na mtoto huondoka darasani akiamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya uji wa moto, na kwamba Oldoinyo Lengai ni chungu kinachofurika tu. Si kweli, na matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyotuambia.

Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole akasikiliza. Chenye ufa hulia vingine. Dunia nayo hugongwa na matetemeko, na mashine zilizotawanywa kila bara husikiliza. Mawimbi yanayopita ndani yake ni ya namna mbili. Kuwaonyesha wanachuo, niliwapanga foleni uwanjani, kila mmoja ameshika mabega ya mwenzake. Nikimsukuma wa nyuma, msukumo ulikwenda hadi wa mbele. Hilo ndilo wimbi la kwanza, lenye mbio. Nikimyumbisha kushoto na kulia, myumbo nao ulisafiri, lakini polepole. Hilo la pili. Kisha niliwaambia waachie mabega, wabaki wamebanana tu. Msukumo ulipita kama kawaida. Myumbo ulikufa palepale. Kitu cha majimaji hakina mikono ya kushikana, basi wimbi la pili haliwezi kukipita.

Tetemeko lilipopiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, mmoja wa wanachuo wale, sasa mwalimu wa huko, alinipigia simu jioni. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umeanguka. Baada ya shikamoo akasema, "Mwalimu, yalikuja yote mawili, lile la kusukuma kwanza." Watu walikufa siku ile, na sikujua nimjibu nini.

Sasa turudi kwenye yai. Mawimbi ya kuyumba hupita mantili yote, hadi kilomita zile 2,890. Maana yake mantili ni mwamba mgumu, ingawa kwa mamilioni ya miaka hujongea taratibu, na uji wa volkano huyeyuka katika sehemu chache tu. Yakifika kwenye kiini, mawimbi hayo hukoma. Kiini cha nje ni chuma kilichoyeyuka. Mawimbi ya kusukuma huingia humo, ila kasi yake hushuka kutoka kama kilomita 13 kwa sekunde hadi 8, yakapinda, na upande wa pili wa dunia ukabaki ukanda yasikotarajiwa kufika. Wataalamu wakauita ukanda wa kivuli.

Mwaka 1929 tetemeko la Murchison, New Zealand, liliua watu 17, wengi wao kwa maporomoko ya milima. Huko Denmark mama mmoja, Inge Lehmann, alikagua maandishi ya mashine za vituo vya mbali, akaona mawimbi hafifu ndani ya ukanda wa kivuli. Wengine walisema yamezunguka tu ukingoni mwa kiini. Yeye hakuridhika. Hakuwa na kompyuta. Inasimuliwa kwamba aliweka hesabu zake kwenye kadi, na kadi kwenye maboksi ya unga wa uji. Mwaka 1936 alichapisha jibu lake: ndani ya kiini kuna kiini kingine, na mawimbi yale yaligonga huko yakageuzwa njia.

Mimi kama mwalimu napenda kujua alisoma wapi. Alisoma kwa Hanna Adler, mama aliyewafundisha wavulana na wasichana pamoja masomo yaleyale, jambo geni kwa zama zile. Na kama mstaafu napenda jambo jingine: alistaafu mwaka 1953 akiwa na miaka 65, ndipo akapata nafasi ya kufanya kazi. Mpaka mmoja ndani ya mantili, kama kilomita 220 chini, unaitwa kwa jina lake kutokana na kazi ya miaka hiyo.

Kwamba kiini cha ndani ni kigumu ilithibitishwa mwaka 1971, kwa kupima jinsi dunia nzima ilivyovuma kama kengele baada ya tetemeko la Alaska la mwaka 1964. Lehmann alikuwa hai bado, na miaka 83, na alikuwa na zaidi ya miaka 20 mbele yake.