Usiku wa Kasumbalesa: ndani ya kila kamyo kuna mtu

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa si mbali. Ni kilomita karibu 90, barabara ya lami, na kwa taksibisi nzuri mtu anafika kabla chakula alichofunga hakijapoa. Lakini kabla ya kuona nyumba za mji utaona kwanza makamyo. Yamesimama pembeni ya barabara, moja nyuma ya jingine, mpaka macho yanachoka kuhesabu. Yale yanayotoka yamebeba shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi. Yale yanayoingia yameleta unga, simenti, mafuta, na zile asidi za migodi ambazo hata kuzikaribia tunaogopa. Mengine yametoka Dar es Salaam, safari ya kilomita karibu 2,000, mengine yametoka Durban, huko Afrika Kusini kabisa.

Tulikuwa wamama wanne wa kikundi, tumekwenda kutafuta unga wa mahindi upande wa Zambia. Karatasi za mizigo zikachelewa, jua likatua, na magunia yalikuwa yamekwisha kupangwa ndani ya gari. Nani ataacha magunia yake aende kulala kwingine? Tukalala humo humo, wawili kwenye viti, wawili juu ya magunia. Katikati ya usiku mtu mwenye tochi akagonga kioo. Hakusema jina lake wala kazi yake. Alisema tu kwamba kulala ndani ya gari ni kosa, na kwamba kosa hilo lina bei. Tulimwomba atuonyeshe hiyo sheria imeandikwa wapi. Akaenda kugonga kioo cha gari la jirani.

Basi asubuhi, tukinywa chai, neno likawa hilo: je, mtu akilala ndani ya gari lililosimama, amemkosea nani?

Tuliwauliza wenye kulijua jambo hilo, yaani mashofere. Watanzania wengi tulielewana nao bila shida, ingawa wanacheka tukisema bukari na makala, na sisi tunacheka wakisema ugali na mkaa. Mmoja alitufungulia mlango tuone. Nyuma ya viti kuna kitanda chembamba chenye godoro na pazia. Chini ya trela kuna kisanduku cha chuma: humo mna sufuria, unga, chumvi, mafuta ya kupikia na jiko dogo. Dumu la maji limefungwa kwa mpira. Kamba ya kuanikia nguo inatoka kwenye kioo cha pembeni mpaka kwenye mti. Ni nyumba, kweli, na imepangwa vizuri kuliko vyumba vingi vya wanaume tunaowajua. Ila nyumba hiyo haina choo.

Kwa nini asiende kulala kwenye nyumba ya wageni? Majibu yalikuwa matatu, na wote waliyarudia. Akitoka, mafuta yatanyonywa kwenye tangi au turubai litakatwa, na tajiri atamkata mshahara. Foleni ikisogea naye hayupo, nafasi yake imekwenda. Halafu pesa ya njiani ilihesabiwa kwa siku chache, na sasa siku zimekuwa nyingi. Mwezi wa nane wa 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa muda kwa sababu ya ugomvi wa biashara ya bia na vinywaji, watu hawa walikwama pale pale wakiwa na pesa ile ile ya mfukoni.

Pembeni ya makamyo kuna wamama. Kuna anayeuza sombe na samaki, anayeuza munkoyo, anayefua nguo za mashofere, anayeuza maji kwa ndoo. Foleni ikiwa ndefu, watoto wao wanalipiwa shule. Ikiwa fupi, wanakaa na sufuria iliyojaa. Tusifiche kwamba kuna pia wasichana wadogo wanaopanda kwenye makamyo usiku, na hao si kwa ajili ya kuuza sombe. Mmoja wetu, ambaye ana mabinti watatu, alisema wazi: Leta ikataze kabisa watu kulala ndani ya makamyo, na mambo hayo yataisha.

Tulimsikiliza, maana hofu yake si ya bure. Lakini shofere akikatazwa kulala ndani ya kamyo, atalala chini yake, au ataendesha bila kulala. Shofere aliyesinzia akiwa na tani 30 nyuma yake, sisi tunaotembea na watoto pembeni ya barabara ndio tutakutana naye. Msichana naye hatakuwa salama kwa sababu kitanda kimehamia mahali pengine. Atakayefurahi ni mwenye tochi, kwa kuwa sasa atakuwa na kosa la kweli la kuuza.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili. Los Angeles, Marekani, watu wengi waliokosa kodi ya nyumba wanaishi ndani ya magari yao, na kati yao wamo wamama wenye watoto. Mji ule ulikuwa na sheria tangu 1983 inayokataza kuishi ndani ya gari barabarani. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliivunja, kwa sababu haikueleweka: mtu hakuweza kujua ni kitu gani hasa kinamfanya awe mkosaji, na polisi waliweza kumkamata huyu na kumwacha yule. Miaka michache baadaye mji ukaleta sheria nyingine ya kukataza usiku kwenye mitaa ya makazi. Watu wakahamisha magari kwenye mitaa mingine. Mji mdogo wa Santa Barbara, katika jimbo lile lile, ulikwisha kuanza njia nyingine tangu 2004: viwanja vya kuegesha magari vinafunguliwa usiku, mtu anaandikishwa, analala kwa amani, asubuhi anaondoka.

Lakini kwa mashofere wa makamyo, habari iliyotugusa zaidi inatoka Ulaya. Huko shofere anaruhusiwa kulala ndani ya kamyo usiku wa kawaida, mradi limesimama na lina kitanda kinachofaa. Ile pumziko ndefu ya wiki, ya saa 45, haruhusiwi kuifanya humo, na tangu mwezi wa nane wa 2020 sheria inasema wazi kwamba mwenye kampuni ndiye anayelipa malazi. Ufaransa ilitangulia katika 2014: tajiri anayepanga kazi hivi kwamba shofere wake wapumzike wiki ndani ya kamyo anaweza kufungwa mwaka mmoja na kulipa faini ya euro 30,000. Tazama wamemshika nani. Hawakumgongea kioo aliyelala. Wamemfuata aliyemlaza pale.

Hilo ndilo tunalotaka lisemwe na kwetu. Shaba ile ina wenyewe, na wenyewe hawalali barabarani. Kama mzigo utakaa siku tano, mwenye mzigo alipe kitanda na mlinzi wa siku tano. Parkingi zinazotoza pesa kwa kila kamyo ziweke taa, maji na choo. Tena choo cha wanawake kiwe peke yake, chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kwa sababu wafanyabiashara wanaolala pale juu ya magunia ni wengi, na usiku ule sisi wanne tulikwenda porini tukishikana mikono.

Neno moja zaidi kwa wale ambao waume au watoto wao wako njiani, na kwetu pia tunaolala na bidhaa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Katanga inaingia kwenye mifupa, na mtu anashawishika kuingiza mbabula ndani na kufunga vioo. Msifanye hivyo. Hewa ya makala haina harufu ya kukuamsha, inaua mtu akiwa usingizini, hata kama moto unaonekana umekufa. Mbabula ibaki nje, mbali na tangi, na blanketi liongezwe. Wakati wa mvua, kioo kikiachwa wazi kidogo, kiwekwe kipande cha chandarua, kwa maana mbu wa madimbwi ya pembeni ya barabara hawana foleni.

Kikundi kitarudi Kasumbalesa kabla ya mwisho wa mwezi kwa ajili ya unga. Tutapeleka barua kwa wenye parkingi mbili kuhusu vile vyoo. Anayetaka kutia sahihi aje Jumatano, mahali petu pa kawaida, saa nane.