Jina la Fundi Liko Wapi?

Wasee, mimi na marafiki zangu watatu tumechukua chumba kimoja pale Jericho tukifanye ofisi ya pamoja. Mmoja anahariri video, mmoja anachora, wengine tunaandika. Kodi tunachanga.

Shida ikaanza kwa urembo. Simu zikatoka, na kila picha ilikuwa ileile: kuta nyeupe, viti vya kijivu, mmea wa plastiki. Viti tukaagiza hapohapo. Halafu nikauliza, kwani huku Eastlands hakuna watu wanatengeneza vitu?

Jumamosi tukapanda mat hadi Kariokor. Tukanunua vyondo viwili vya mkonge, vya kutundika ukutani na kuwekea chaja na waya. Kutoka hapo tukaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Kama hujafika, jua utasikia mahali kabla hujapaona: nyundo, bati, nyundo. Hapo ndipo majiko, karai na masanduku ya shule huzaliwa, mengi kutoka kwa mapipa na mabati yaliyokwisha kutumika.

Tulitaka taa nne za bati zenye matundu. Mzee mmoja akachora chini kwa msumari, akafikiria, akasema 1,200 kila moja. Sisi haraka: "Mzee, fanya 700."

Hakukasirika. Alituuliza tu, "Vijana wangu, hivyo viti mliagiza kwa simu, nani aliwapunguzia bei?"

Tukanyamaza. Hakuna aliyejibu kwa sababu jibu tulikuwa nalo. Kitu kikiwa na nembo, tunalipa bila neno. Kikiwa na mtu mbele yetu, mikono imejaa masizi, tunataka nusu bei. Halafu tukifika ofisini tunapiga picha na kuandika "sanaa ya kwetu".

Nilikumbuka sanduku langu la kidato cha kwanza. Ukilitazama vizuri, kingo zimekunjwa zikashikana, kisha zikagongwa hadi zikatulia. Lilivumilia miaka minne ya kukaliwa, kusukumwa na kurushwa juu ya basi. Juu yake mamangu aliandikisha jina langu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Jina la aliyelitengeneza sikuwahi hata kuliuliza.

Basi maoni yangu ni haya: ukipamba ofisi kwa kazi ya mtu, mlipe bei yake na umtaje. Bila hivyo, huo si urithi, ni pambo tu.

Tulilipa 4,800. Siku ya kuchukua taa tukamwomba mzee aandike jina lake kwenye kila moja. Akacheka sana, akasema hajawahi kuombwa hivyo, kisha akatafuta rangi. Usiku zikiwaka, matundu yanatupa nyota ukutani, na jina linasomeka ukiwa mlangoni.

Na wewe, sanduku lako alilitengeneza nani?