Fidla Haipigwi Msibani

Kwetu Unguja mtu akifa hapigiwi fidla. Husomwa Qur'ani, watu hukaa mikekani, chai hupita na mikate, na anayelia hulia kwa kujizuia, maana wazee hawataki makelele mbele ya maiti. Fidla hupigwa harusini. Nimeishika tangu 1974, na nyimbo zote za majonzi ninazozijua, za kuachwa, za kusalitiwa, za mpenzi aliyepanda chombo asirudi, nimezipigia harusini, bibi harusi kapakwa hina mpaka viwikoni na wageni wanasubiri biriani. Mgeni mmoja wa Bara aliwahi kuniuliza, "Mzee, nyinyi watu wa Visiwani mna nini? Harusi nzima mnaimba kuachwa?" Nilicheka, nikaendelea kukaza nyuzi. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu na bashraf, muziki wa kufungulia, ilikuwa inataka kuanza.

Jibu lenyewe linaanzia kwa bibi yangu, mtaani Ng'ambo, kwenye nyumba ya udongo yenye kibatari kimoja. Alikuwa akitutolea hadithi huku anachagua mchele kwenye ungo. Paukwa, pakawa, tunajisogeza. Niliyoipenda na kuiogopa ni ile ya zimwi na mtoto wa kike. Watoto wamekwenda pwani kuokota makombe, mmoja kasahau lake juu ya jiwe, karudi peke yake kulifuata, zimwi likamkamata likamtia ndani ya ngoma. Tangu hapo likawa linapita mji hadi mji. Likifika huipiga ngoma, mtoto huimba, watu hustaajabia utamu wa sauti, na zimwi hupikiwa wali na kuku. Mpaka siku lilipofika mji wa kina mtoto mwenyewe, na mama akaijua sauti ya mwanawe.

Hadithi yote bibi aliisema kwa mdomo wa kawaida. Mahali pa mtoto tu ndipo alipoimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haikupanda wala haikutetemeka, na vidole havikuacha kutoa chuya na mawe. Sisi machozi yanatutoka. Yeye yumo ndani ya ungo wake. Siku moja dada yangu akamuuliza mbona yeye halii. Akasema, "Nikilia mimi, huyo mtoto nani atamtoa?"

Nilikuwa mdogo, nikadhani ni maneno ya kutunyamazisha.

Maalim wangu wa fidla alikuwa mshoni. Mchana cherehani, usiku muziki. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Miezi miwili ya mwanzo hakuniruhusu wimbo wowote. Nilipaka ulimbo kwenye upinde, nikavuta uzi mmoja mtupu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka majirani wakamwomba mama anitafutie kazi ya mbali. Alipotosheka ndipo akaanza kunionesha makamu. Simsemi makamu wa rais. Nasema ngazi za sauti, ambazo Waarabu huziita maqam, zilizotufikia pamoja na vyombo vyao. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Na mwaka 1905 watu wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, chama ambacho mpaka leo hakijafa. Kwa hiyo kidole changu cha kushoto, mtoto wa Ng'ambo, kilikuwa kinafundishwa njia iliyotoka Misri.

Makamu aliyoniwekea mwisho ni saba. Ukianzia re, sauti ya pili inakaa kati ya mi bemoli na mi yenyewe, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Ya tatu ni fa, salama. Ya nne masikio yanangojea sol, wewe unaishusha nusu. Ni kama kupanda ngazi gizani, unanyanyua mguu kwa kipandio unachokijua, unakuta kimekatwa. Huo upungufu wa kipandio ndio watu wanaouita huzuni. Maalim alinifungia uzi wa cherehani shingoni mwa fidla, pale kidole kinapotakiwa kukaa, nao ulikaa mwaka mzima. Kidole kikishuka chini ya uzi kwa upana wa punje ya mchele, saba inageuka mtu anayegumia jino. Kikipanda, inakuwa furaha ya kawaida.

Siku za Jumapili alitoa santuri zake na kunisikilizisha Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu aliyekuja mjini kwa miguu na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi. Maalim alipenda zaidi wimbo wake "Kijiti." Ndani yake mna mwanamke mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam akauawa, muuaji akakimbilia Bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao kwa makosa ya pombe. Kwa masikio yangu Siti anaueleza mkasa ule kama karani anayesoma hukumu. Nilimwambia Maalim kwamba naona kama hana uchungu. Aliinua sindano ya gramafoni, akanitazama kwa muda, akairudisha mwanzo wa sahani bila kunijibu.

Mama yangu alifariki mwaka 1988, siku ya Jumanne. Matanga yakaisha, na Jumamosi kulikuwa na harusi tuliyokwisha kupokea rubuni yake. Nilikwenda. Maalim aliniuliza mlangoni, "Utaweza, mwanangu?" nikasema nitaweza. Katikati ya usiku ikafika taksim, pale ngoma zinaponyamaza na mpigaji mmoja anatembea peke yake bila mapigo. Nikaingia saba. Mama alikuwa mbele yangu, nauona mkono wake na bangili yake moja ya fedha. Machozi yakanitiririka mpaka kwenye ubao wa fidla. Moyoni nikasema, leo nimepiga, sitapiga tena hivi maishani.

Hakuna mwanamke aliyesimama kututunza pesa. Hata mmoja. Nikadhani wameshangaa.

Kulikuwa na kijana aliyerekodi harusi ile kwa redio kaseti, nami nikaja kuipata kanda wiki mbili baadaye. Niliisikiliza peke yangu, nikaizima kabla haijafika nusu. Kidole kimeshuka chini, upinde unazikandamiza nyuzi, sauti inakwaruza, na kila msemo unakatika kabla haujafika unakokwenda. Yule wa kwenye kanda alikuwa anajililia mwenyewe na wasikilizaji amewafungia mlango. Maalim hakuwahi kulitaja jambo lile. Alichofanya ni kuufunga tena uzi wa cherehani shingoni mwa fidla yangu, mimi mtu mzima wa watoto wawili.

Mwisho wa mwaka uleule tulikuwa kwenye harusi nyingine. Sikuwa na majonzi yoyote. Nilikuwa na jipu mguuni na deni la rangi dukani, na wakati wa taksim nilikuwa nawaza deni. Lakini kidole kilikaa juu ya uzi. Mama mmoja wa makamo akasimama, dhahabu imemjaa shingoni, akaja kwa mwendo wa maringo na noti ya shilingi 100 kaishika kwa vidole viwili, akasimama mbele ya fidla yangu asitoe ile noti. Wanja unamchuruzika. Mwisho akaiweka, akasema taratibu, "Baba, umenisema." Akarudi kukaa na wenzake, wakampisha nafasi, hakuna aliyemuuliza kitu.

Pale ndipo nilipolipata lile jibu la yule mgeni wa Bara, kabla hata hajauliza. Msibani unamlilia marehemu. Huna ruhusa ya kuingiza ya kwako: ya mume aliyeoa wa pili, ya mtoto aliyekwenda Uarabuni akanyamaza, ya ujana uliopita jikoni. Harusini mwanamke anavaa vizuri kuliko siku zote, anakaa na wenzake, anamwona msichana anatolewa kwao, na mtu mwingine kabisa, asiyemjua, anaimba jambo linalofanana na lake. Anaruhusiwa kulia na watu watasema ni raha ya taarab. Ila ile nafasi lazima aachiwe. Mimi nikiijaza kwa mama yangu, yeye ataingilia wapi?

Fidla peke yake haikunilisha. Mchana nilikuwa mchoraji. Nilianza na majina ya vyombo na mabango ya maduka Darajani, na watalii walipozidi kwenye miaka ya 1990 nikahamia kwenye picha. Nilichora kama wengine wanavyochora, kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, yule Mtunduru aliyeanza Dar es Salaam mwaka 1968 na ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akauawa kwa risasi za polisi kwa makosa mwaka 1972. Watu husema mtindo ule ni wa furaha. Mimi nina shaka. Tazama kazi zake mwenyewe: mara nyingi ni mnyama mmoja tu, katikati, pembeni pote rangi tupu, jicho limekukodolea. Mpweke yule. Sisi tuliokuja nyuma ndio tuliomzungushia twiga, tausi, kobe na maua mpaka pasibaki pa kupumulia, kwa sababu picha iliyojaa huuzika. Rusha roho, ile taarab ya siku hizi, nayo imeifanyia taarab ya zamani hivyohivyo: kila upenyo una kinanda. Siwalaumu vijana, wanakula kwa kazi yao, lakini siendi kuwasikiliza.

Baada ya Maalim kufa nilichora baraza ya nyumba yake. Ukuta mweupe uliobanduka, kofia juu ya saruji, kikombe cha kahawa pembeni, basi. Niliipeleka duka moja la mjini. Mwenye duka akaigeuzageuza. "Mzee, mbona hapa hapana mtu? Mtie Mmasai." Nilikuwa nadaiwa ada ya skuli. Nikarudi nyumbani, nikamtia Mmasai, mrefu, mwekundu, na mkuki wake, kasimama mbele ya baraza ya mshoni wa Ng'ambo. Iliuzwa wiki ileile. Nimeona haya nyingi katika kazi zangu, lakini ile hunijia usiku.

Miaka ile tulikuwa pia tunapiga hotelini wakati wa chakula cha jioni. Meneja, mtu mzuri tu, alikuja siku ya pili akatuomba tuachane na nyimbo za pole, wageni wako likizo. Tukapiga za kuchangamka. Wageni wakapiga makofi, na baadaye tukakaribishwa jikoni tukapewa wali na kuku. Nilipoiona ile sahani nilicheka peke yangu mpaka mpiga dumbak akaniuliza kulikoni. Nikamwambia namkumbuka bibi yangu.

Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarab, alipozikwa, Aprili 2013, fidla yangu ilikaa kwenye kasha siku tatu. Watu wa redio moja ya nje walinitafuta niwapigie kidogo wachanganye na habari zao. Niliwaambia waje Ijumaa ya wiki ya pili, nina harusi.

Sasa nafundisha watoto wachache nyumbani kwangu, jioni baada ya chuo. Yupo msichana wa miaka 14, ana sikio zuri kuliko nililokuwa nalo mimi. Mwezi wa kwanza aliniambia, "Maalim, mimi nataka ile ya huzuni." Nikampa uzi mtupu avute. Sasa amefika saba, uzi wa cherehani uko shingoni mwa fidla yake, na kidole bado kinamshuka akishaanza kuyafumba macho yake. Namwambia afumbue. Juu yake ukutani ipo picha ya baraza, niliyoichora upya: ukuta, kofia, kikombe. Aliniuliza kwa nini hapana mtu, nikamwambia avute upinde.

Ijumaa hii tuna harusi Kikwajuni. Atapiga bashraf pamoja nasi. Taksim bado naipiga mimi.